Mara ya Mwisho Kula Ugali

Kila Jumamosi asubuhi, kabla Munyao hajanywa hata chai, watu huwa wameshakaa kwenye ngazi za nyumba yake hapa mtaa wa Tena, Nairobi. Wamebeba zile bahasha kubwa za kahawia za picha za hospitali. Wengine wamesafiri usiku kucha kutoka Bungoma au Kitui, wakaelekezwa na shemeji wa jirani wa mtu aliyewahi kutibiwa naye. Hakuna aliyewaita, wala hakuna anayelipa kitu. Clare, mkewe, alikasirika miaka ile ya kwanza hadi akachoka kukasirika. Sasa huwatolea viti tu.

Munyao ni daktari wa upasuaji. Hapasui kila kitu. Yeye ni wa saratani ya umio, ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kazi hiyo huifanya katika hospitali moja ya serikali. Wenzake aliosoma nao wanaishi kwenye mitaa yenye mbwa wakali na nyaya za umeme juu ya ukuta. Yeye amebaki na sisi na maji yetu ya mgao, na ukimuuliza kwa nini, anasema hajapata muda wa kutafuta nyumba. Huo ni uongo. Munyao ni mtu wa Eastlands, na huko kwingine angekosa mtu wa kumsalimia kwa jina.

Mimi naitwa Luseno. Ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, karakana yangu iko Makadara, kando ya Jogoo Road. Tulikua na Munyao mlango kwa mlango katika nyumba za kanjo, zile za baraza la jiji, tukagombana, tukapigwa na mama mmoja kwa mwiko mmoja. Kwa hiyo mkinisikia nikimsema humu, mjue nina ruhusa.

Ana swali moja ambalo huanza nalo. Bahasha haifungui, picha haitazami. Humkalisha mgonjwa kwenye kochi, humsalimia kwa heshima ya umri wake, kisha humuuliza, "Mzee, mara ya mwisho kula ugali ilikuwa lini?" Nilipolisikia kwanza nilicheka. Mtu ametoka Kitui na picha zake za gharama, nawe unamuuliza habari za ugali! Baadaye Munyao alinieleza. Njia ikianza kuziba, ugali ndio chakula cha kwanza kukwama. Mtu huuacha bila kujua kwamba ameuacha. Husema siku hizi anapenda wali. Wali ukimshinda, husingizia meno, akahamia uji. Uji ukimshinda, hubaki na chai. Kwa hiyo akikuambia lini aliacha ugali, amekuambia ugonjwa una umri gani hata kabla kamera haijashushwa kooni. Anayekuja akiwa bado kwenye wali, Munyao ana la kumfanyia. Anayekuja akiwa kwenye chai amechelewa.

Na wengi huja wakiwa kwenye chai. Msimwonee wivu rafiki yangu kwa sababu ya koti jeupe. Yule aliyewahi humfungua kifua na tumbo, akaondoa njia ile iliyooza, akavuta tumbo juu hadi shingoni akaliunganisha, na hayo yote akiwa amesimama kutwa nzima. Anayepona hurudi na jogoo kwapani. Lakini kwa kila jogoo mmoja kuna watu wengi ambao huwaambia tu ukweli, akawashika mkono, wakateremka ngazi zile na bahasha zao. Jioni nikimuuliza siku ilikuwaje, hujibu, "Leo wote walikuwa wa chai," basi najua nisiongeze neno.

Mama yule wa mwiko ndiye ninayetaka kumsema. Jina lake ni Nabalayo, ingawa sisi sote twamwita Mama Wekulo kwa jina la kifunguamimba wake. Alikuwa akiuza mboga za kienyeji katika soko la Muthurwa: saga, mrenda, kunde. Mama mzazi wa Munyao, marehemu Nthoki, alikuwa mfanyakazi wa zamu katika kiwanda cha mablanketi, na mara nyingi kijana alitoka shule akakuta kufuli mlangoni. Mama Wekulo hakumuuliza kama amekula. Alimvuta ndani kwa kola ya shati, akamkalisha katikati yetu, watoto wake na mimi wa jirani, akamkatia ugali. Munyao alikuwa mtoto wa maneno mengi, anasimulia mpaka tonge linapoa mdomoni. "Meza, Munyao," Mama Wekulo alikuwa akimwambia. "Meza kwanza, maneno baadaye."

Alipofuzu udaktari, Mama Wekulo alichinja jogoo. Sasa, kwetu magharibi firigisi haipewi mtu yeyote tu. Ni ya mwenye boma. Wekulo alikuwa ameketi pale, mtoto wa kwanza, mate yakimjaa mdomoni. Mama alichukua firigisi akamwekea Munyao, yule Mkamba. Wekulo alinuna hadi siku aliyohamia Mombasa kuendesha malori, na nadhani bado amenuna. Lakini ilikuwa imeamuliwa. Nthoki alipofariki, Munyao hakubaki yatima.

Jumapili asipokuwa zamu, Munyao hula kwa Mama Wekulo, na mimi hula kwa mgongo wake. Mwaka jana, mvua za vuli zikiishia na Krismasi ikikaribia, tulikaa mezani Munyao akiwa na sura ya mtu aliyepigwa. Wiki hiyo walikuwa wamemfia watu wawili, mmoja mwanamke mwenye mtoto wa kunyonya. Kwa kawaida mambo ya hospitali huyaacha hospitalini. Siku hiyo yalimtoka.

"Mama, hii kitu inatumaliza," alisema. "Wananijia nikiwa sina la kufanya. Nikiwakata, wananifia mezani. Nisipowakata, wananifia wodini. Mimi siku hizi ni kama mtu wa kuuza majeneza tu."

"Usiseme hivyo, papa." Mama Wekulo alikuwa ameshika mwiko, hajapakua; papa ndivyo kwetu tunavyomwita mtoto wa kiume kwa upendo. "Na hiyo kitu huanzaje?"

"Huanza na ugali kukwama. Mtu anadharau."

Mama Wekulo aliugeuza ugali mara moja zaidi, kisha akampakulia. "Meza kwanza," alisema, "maneno baadaye." Ayuma, kitindamimba wake ambaye bado anaishi naye, akaleta mboga, tukazungumza mambo ya mpira.

Mwaka mpya ukaingia na mfungo. Mama Wekulo anasali katika kanisa la mabati nyuma ya karakana yangu, kanisa la Mchungaji Patrobas. Patrobas ni mtu mwema, nalisema hili mapema kwa sababu nitamkasirikia baadaye. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni kabla ya kuitwa, na mpaka leo akikusalimia mkono wake ni mgumu kama ubao. Kila Januari hutangaza kufunga na kuomba. Watu hufunga kadiri ya nguvu zao, kisha hurudia chapati zao kwa furaha kubwa.

Mwaka huu walirudia chapati, lakini Mama Wekulo hakurudia. Alisema bado ana jambo na Mungu wake. Kanisani wakamsifu. Vijana wakaambiwa wamtazame mama huyu, mwili mzee lakini roho ina misuli. Alikonda, nao wakasema uso wake unang'aa. Jumapili alitupikia kama kawaida, akatupakulia, kisha akakaa kando na kikombe cha uji mwepesi. "Nyinyi kuleni. Niko kwenye maombi."

Na huyu bingwa, huyu ambaye husafiriwa na watu wa Kitui ili awaulize habari za ugali, alikaa mbele ya mwanamke aliyeacha ugali, akala, akashukuru, akalala kwenye kochi lake. Hakumuuliza. Na nani angeuliza? Kwetu mtoto hamhoji mzazi kuhusu mfungo wake. Ni siri yake na Mungu. Kuuliza ni kama kuchungulia bafuni. Hiyo ni adabu tuliyolelewa nayo, na leo nikiifikiria natamani kuipiga teke.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu Munyao alikuwa zamu. Siku iliyofuata alipita karakana nimrekebishie bawaba ya geti. Alikuwa akila mahindi ya kuchoma, nami nikaona nimchangamshe.

"Wee Munyao, uliskia venye Mama Wekulo aliangusha kanisa jana?"

"Aliimba?"

"Kuimba nini! Alitoa ushuhuda. Ati chakula kilikuwa kinamkwama kooni tangu Krismasi, lakini juzi Mungu amefungua. Patrobas akaitisha ugali, akamlisha tonge pale madhabahuni, mbele ya watu wote. Akameza, bana! Watu walilia. Wamama walirusha vitambaa."

Munyao aliacha kutafuna. Gunzi lilikuwa bado mkononi mwake.

"Tangu Krismasi," alisema.

"Ndiyo, lakini si alikuwa amefunga..."

"Hakuwa amefunga, Luseno."

Tulimkuta Mama Wekulo mlangoni pake, akichambua saga kwenye ungo. Munyao aliketi kwenye kile kigoda tulichokuwa tukigombania utotoni, magoti yakamfika kifuani. Hakusalimia.

"Mama, kabla ya jana, mara ya mwisho kula ugali ilikuwa lini?"

Mama Wekulo alilijua swali hilo. Alikuwa amesimuliwa mara nyingi, akalicheka pamoja nasi. Aliendelea kuchambua majani. "Umekuja kama mtoto wangu ama umekuja kama daktari?"

"Nimekuja tu, Mama."

"Kama ni mtoto, Ayuma ameweka chai. Kama ni daktari, hapa hakuna mgonjwa. Nimeponywa, kanisa lote liliona."

Munyao alimweleza polepole, kwa sauti ile anayotumia kwa watu wa Jumamosi. Hataki kumkata wala kumlaza. Anataka kamera tu, ishuke, itazame, itoke. Kama hakuna kitu, yeye mwenyewe atasimama kanisani aseme daktari amethibitisha.

"Na kama kuna kitu?" Mama Wekulo akauliza.

Munyao aliokota jani lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo.

"Unaona. Mimi nimesimama mbele ya watu, papa, nikasema Mungu amenifungua. Nikienda kutafuta kamera, ni kusema sikumwamini. Ushuhuda si nguo ya mtumba, ati ukifika nyumbani haikutoshi unairudisha."

Hapo Munyao alipiga magoti. Nilimtazama mwanamume mzima, magoti kwenye maji ya kuoshea mboga, akimshika yule mama miguu. Alimbembeleza kwa Kiswahili, akambembeleza kwa kile Kibukusu chake kibovu, lugha ya kwao mama, alichofundishwa naye. Alipoona haisaidii akapiga kelele, "Utakufa, Mama! Unaelewa? Utakufa kwa njaa huku unajua kupika!" Ayuma alianza kulia ndani. Mama Wekulo alitazama huku na huku kama majirani wamesikia, akasema, "Inuka, suruali inalowa." Nami nilitaka kumbeba mama yule mzimamzima nimtie kwenye gari kama gunia, na mpaka leo sijui kwa nini sikumbeba.

Kabla wiki haijaisha alipanda basi akaenda kwao Webuye bila kumuaga mtu. Munyao alimfuata. Mama Wekulo alimpikia, akamtandikia kitanda kizuri, na asubuhi akamwambia arudi kwa wagonjwa wake wanaomngojea. Baada ya hapo akazima simu.

Mvua za masika zilianza na kuendelea. Munyao alikuwa akifanya kazi kama mashine. Aliwakata waliowahi, akawaambia ukweli waliochelewa, na kila alipotoka thieta ya upasuaji alijaribu simu ile. Clare alinipigia akisema mumewe hali kitu. Nilienda nikamkuta amekaa ndani ya gari nje ya nyumba yake mwenyewe, injini imezimwa. Alisema anahesabu. "Sasa yuko kwenye uji. Sasa uji unaanza kumshinda." Nilimwambia twende kwa Patrobas. Alikataa, akasema Patrobas ndiye aliyemuua. Nilimwambia hajafa, na Patrobas ndiye mtu pekee anayeweza kumrudisha. Aliwasha injini.

Patrobas alitupokea kwa shangwe, akatutandikia benchi. Munyao alimwambia moja kwa moja kwamba Mama Wekulo ana saratani.

"Daktari, hapana," Patrobas alisema. "Mimi nilimlisha kwa mkono huu. Nilimshika koo nikahisi likishuka. Alimeza."

"Najua alimeza. Uvimbe ukikua sana huoza katikati. Kipande hudondoka, njia hufunguka. Ni kwa siku chache. Halafu hufunga kabisa."

Patrobas alikaa chini taratibu. Alitazama mkono wake. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati hata ikabidi aseme kwa nguvu.

"Kwa hivyo tulichoshukuru Mungu, mbele ya watu wote, ilikuwa ni kuoza?"

"Ndiyo, Mchungaji."

Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa na maneno yangu makali tayari, nimeyanoa njiani. Nilipomwona anavyolia, mzee mwenye mabega yale, yalinikwama. Alisema Jumapili atatangaza. Munyao akasema Jumapili ni mbali. Patrobas hakubishana. Alivaa koti lake la mvua, akaenda stendi ya Muthurwa, akapanda gari la Webuye siku hiyohiyo.

Baadaye Ayuma alitusimulia alivyosikia kwa mama yake. Patrobas alifika, akakataa kiti, akasema, "Mama, nimekuja kuchukua ushuhuda wangu." Mama Wekulo akamwambia ushuhuda ulikuwa wake, si wa mchungaji. "Mimi ndiye niliyeitisha ugali," Patrobas akamjibu. "Wewe ulisema tu kilikuwa kinakwama. Mimi ndiye niliyetangaza. Aibu iko kwangu, nimeibeba, tafadhali twende." Basi akakubali. Patrobas alisimama madhabahuni Jumapili hiyo akasema alikosea. Wapo waliohama kanisa kwa sababu ya neno hilo, na sina haja ya kuwataja, wanajijua.

Lakini aliporudi Mama Wekulo alikuwa amekwisha kufika kwenye chai, na hata chai aliinywa kwa kijiko. Munyao alimshusha kamera mwenyewe. Wakakata kinyama wakapeleka maabara, wakampiga skani. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa kwenye kiti cha korido, nikasikia sauti ya Munyao ndani ya ofisi ya mkubwa wake, Daktari Kavinya, mwanamke aliyemfundisha kazi hiyo.

"Hii hatukati, Munyao."

"Mimi nitakata."

"Imeng'ang'ania njia ya pumzi. Ukiigusa, hatoki mezani. Angekuwa mgonjwa mwingine wewe ndiwe ungeniambia hivyo."

"Si mgonjwa mwingine! Ni mama yangu!"

"Ndiyo maana hukati."

Alibisha. Alisema atabomoa, atashona, atafanya hivi na vile, maneno ambayo hata mimi fundi wa mageti niliyasikia kuwa ni ya mtu anayezama. Aliuliza kuhusu kemo, zile dawa za saratani, akauliza kuhusu mionzi. Daktari Kavinya alimwambia mwili umeisha, dawa hizo zitamuua kabla ya ugonjwa. Munyao alipotoka hakuniona, na nilikuwa nimekaa mbele yake.

Kilichobaki ni mrija wa waya, ule unaoshushwa kooni umefinywa, ukifika mahali palipoziba hutanuka ukasukuma njia wazi. Hauponyi kitu. Unamwezesha mtu kumeza mpaka siku yake. Munyao aliuweka kwa mikono yake, kazi ya muda mfupi, kazi ambayo kwa kawaida huwaachia wanafunzi. Mikono ile iliyopasua vifua vya watu nusu ya Kenya, kwa mama yake ilipewa kazi ya kutia bomba. Mama Wekulo alikunywa uji siku hiyohiyo, akasema ni mtamu. Manesi wakapiga makofi, wasijue ni kwa nini daktari ametoka nje.

Mama Wekulo alirudi nyumbani Makadara na masharti. Uji, supu, ndizi za kupondwa, mayai laini. Mkate usimpe. Ugali hapana kabisa, hata tonge, unaganda kwenye waya na kuziba. Ayuma aliyajua masharti hayo kwa moyo. Lakini nyinyi mnajua watu wa kwetu. Mtu anaweza kunywa sufuria ya supu, akala ndizi, akamaliza mayai, ukimuuliza kama amekula atakuambia bado, ugali haujaiva.

Jumapili iliyopita Mama Wekulo alimwagiza Ayuma achinje jogoo na kupika ugali. Alituita mimi na Munyao. Tulimkuta ameketi mezani na leso mpya kichwani, amebaki mifupa na macho. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha uji. Alishika mwiko mwenyewe, Ayuma akimshika kiwiko. Alimpakulia Munyao ugali, akamwekea mapaja yote mawili, na juu yake akaweka firigisi.

"Mama, sina njaa," Munyao alisema.

"Sijakuuliza. Mimi hii kitu yako ya waya imeninyima chakula. Basi kula wewe, nione mtu akila."

Munyao aliosha mikono. Alikata tonge, akalishika tu, akimtazama. Kisha akauliza lile ambalo najua limemla tangu siku ya bawaba ya geti.

"Kwa nini hukuniambia? Ningeweza, Mama. Krismasi ningeweza. Ulikuwa bado kwenye wali, ningekata nikashona, ungekuwa umepona. Ni mimi! Watu wanatoka mbali kunitafuta, na wewe nilikuwa nakula kwako. Kwa nini hukuniambia?"

Mama Wekulo alikunywa uji wake kidogo, akangoja ushuke.

"Si ulisema mwenyewe hapa mezani," alijibu. "Ukasema ukiwakata wanakufia. Ukasema umechoka, ati wewe sasa ni mtu wa majeneza. Na mimi wiki hiyo ugali ulikuwa umenikwama. Nikakuangalia vile umechoka, papa. Nikasema, huyu mtoto nimemlisha mwenyewe. Sitakubali anizike kwa kisu chake halafu aishi na hiyo. Nikaona afadhali Mungu anichukue polepole, wewe usijue."

Niliinamia sahani yangu. Kuna msemo wetu kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, nao watu watausema kwenye matanga yake, nawajua, watausema huku wakitikisa vichwa. Nitamfukuza atakayeusema. Mama huyu hakuficha kwa ujinga. Alificha kwa sababu alimsikiliza mtoto wake akilia, akamwamini.

Munyao alilitia tonge mdomoni, kwa utii tu, kama mtoto aliyevutwa kola, akaanza kutafuna. Alitafuna, akatafuna. Machozi yalishuka yakaingia mdomoni pamoja na ugali. Ayuma alikuwa amesimama na bakuli la mchuzi, hathubutu kuliweka chini. Mama Wekulo alikuwa akimtazama koo, akingoja, kidole chake kimoja kikigonga meza kama zamani.

"Meza, Munyao," alisema.

Munyao alijaribu. Halikushuka.